Mashine ya maji nyumbani: kabla ya kutoa dola, kwanza kujua maji yana shida gani

Matangazo yanapita kwenye simu, kwenye vikundi vya WhatsApp na kwenye vitrini za maduka: mashine ya kulainisha maji, mashine ya osmozi, chujio la hatua tano ama saba, maji safi mia kwa mia. Kwa familia ya Goma yenye kuchota ziwani, ama ile ya Bukavu yenye kuamka usiku kungojea robine, maneno hayo yanaingia vizuri masikioni. Kila mzazi anataka kumpa mtoto kikombe cha maji bila woga.

Lakini mashine hizo hazifanyi kazi moja. Kuna yenye kuondoa chumvi za mawe, kuna yenye kuondoa karibu kila kitu kilichoyeyuka ndani ya maji, na kuna zingine zenye kuua mikrobe tu. Mwenye kununua bila kujua maji yake yana shida gani anaweza kutoa mamia ya dola, sabuni ikaanza kutoa povu vizuri, birika likabaki safi, na mtoto akaendelea kuhara vile vile. Kwa hiyo ulizo la kwanza siyo mashine gani ni nzuri. Ulizo la kwanza ni: ndani ya bidoni kuna nini?

Bidoni moja, shida tatu

Goma ni mji wenye kujengwa juu ya mawe ya volkano. Mvua ikinyesha, maji yanazama kati ya mawe, na hakuna mto wenye kupita katikati ya mji. Njo maana sehemu kubwa ya maji inatoka ziwani. Ziwa Kivu liko kwenye mita 1,460 hivi juu ya bahari, na mji unapanda kuelekea Nyiragongo. Inafaa pompi zisukume maji kupanda mpaka kwenye matanki makubwa, ndipo yashuke kwenye robine. Pompi zikikosa umeme, wakaaji wanashuka ziwani na bidoni, kwa miguu, kwa moto na kwa tshukudu.

Ndani ya bidoni hiyo ya litre 20 kuna mambo matatu tofauti, na watu wengi wanayachanganya.

La kwanza ni mikrobe: za kolera, za tifoidi, za kuhara. Hazionekani na hazina ladha. Mwaka 1994, wakati wakimbizi kutoka Rwanda walipojaa Goma, kolera iliua watu kwa maelfu katika wiki chache tu. Ugonjwa huo haujaondoka Kivu. Unarudi tena na tena, zaidi pale watu wanaposongamana kwenye kambi ama maji ya robine yanapokatika.

La pili ni floridi, madini ambayo hapa yanatoka kwenye mawe na gazi za volkano. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani, OMS, ni miligramu 1.5 kwa litre moja, isipite hapo. Watafiti, pamoja na wale wa Observatoire Volcanologique de Goma (OVG), walipima maji upande wa Nyamulagira na Nyiragongo, wakakuta mahali ambapo floridi inapita kipimo hicho. Hata maji ya mvua hayako salama kila mara: mvua inayoanguka chini ya moshi wa volkano inashuka na asidi na floridi, kisha inapita juu ya bati na kuingia ndani ya tanki.

Mtoto anayekunywa floridi nyingi kabla ya kufikia miaka 8, wakati meno yake ya ukubwani yangali yanajengeka ndani ya ufizi, anaotesha meno yenye madoa meupe ama ya kahawia. Wengi wanafikiri mtoto hasugui meno. Floridi ikizidi sana kwa miaka mingi, inagusa hata mifupa. Tena kupika maji hakusaidii kitu: mvuke unaondoka, floridi inabaki yote ndani ya sufuria.

La tatu ni ugumu wa maji, yaani kalisiamu na magnezi. Ziwa Kivu lina magnezi nyingi. Njo ule weupe wenye kushika ndani ya birika, sabuni yenye kukataa kutoa povu, nguo zenye kukauka zikiwa ngumu. Inaudhi, inamaliza sabuni na makala, inaharibu vyombo vya kupasha maji. Lakini OMS haikuweka kikomo cha afya kwa ugumu wa maji. Maji magumu si sumu.

Hapo njo kuna mtego. Shida yenye kuonekana kwa macho, ule weupe wa birika, ni ile isiyoua. Yenye kuua haionekani. Na mwenye kuuza anaanza karibu kila mara na ile yenye kuonekana.

Mashine ya kulainisha: inasaidia birika, haisaidii tumbo

Mashine ya kulainisha maji ni chupa kubwa yenye kujaa punje ndogo za plastiki maalumu. Maji yakipita, punje zinashika kalisiamu na magnezi, na mahali pake zinaachilia sodiamu, ile yenye kuwa ndani ya chumvi ya jikoni. Punje zikijaa, mashine inazioshea na maji ya chumvi, kisha inaanza upya.

Kwa hoteli yenye mashine za kufua, ama nyumba yenye kupasha maji ya kuoga kwa umeme, kazi hiyo iko na faida. Lakini inafaa kujua mambo manne.

Kwanza, mashine hiyo haiui mikrobe. Maji ya ziwa yenye kolera yanatoka upande wa pili yakiwa laini, na kolera yake ndani.

Pili, haiondoi floridi. Punje zake zinashika kalisiamu na magnezi. Floridi inapita moja kwa moja.

Tatu, inaongeza sodiamu. Kwa kila miligramu 100 za ugumu zenye kuondolewa katika litre moja, karibu miligramu 46 za sodiamu zinaingia. Maji yenye ugumu wa miligramu 300 yanapata hivyo karibu miligramu 140 za sodiamu zaidi, na ziwa tayari lina sodiamu yake. Mtu mwenye kutibiwa presha, ama mwenye figo dhaifu, hana faida ya kunywa maji hayo kila siku bila kuuliza muganga. Hata kwa maziwa ya mtoto mchanga siyo chaguo zuri.

Nne, inakunywa maji yenyewe. Kila inapojiosha inaweza kutumia litre 100 na zaidi. Pale maji yanaponunuliwa kwa bidoni, hiyo ni bidoni tano zenye kumwagika ili mashine iendelee kufanya kazi, bila kuhesabu chumvi ya kununua.

Tena si kila mji uko na maji magumu. Bukavu inapata sehemu kubwa ya maji yake ya Regideso kutoka mto Murhundu, wenye kushuka milimani. Maji ya mto wa mlima kwa kawaida hayana chumvi nyingi sawa vile ya ziwa. Shida kubwa ya Bukavu ni mabomba ya zamani, udongo wakati wa mvua, na robine zenye kukauka siku nyingi. Kuuzia familia ya huko mashine ya kulainisha ni kuuza mwavuli ndani ya nyumba. Jaribio ni rahisi na halina bei: kama sabuni inatoa povu vizuri na birika halishiki weupe baada ya wiki kadhaa, hakuna kitu cha kulainisha.

Osmozi: ina nguvu ya kweli, lakini iko na masharti

Mashine ya osmozi, ile ambayo kwenye kartoni imeandikwa osmose inverse, ni jambo lingine. Inasukuma maji kwa nguvu kupita utando mwembamba sana, ambao unaacha maji yapite na unazuia sehemu kubwa ya vile vilivyoyeyuka ndani yake: chumvi, ugumu, metali na floridi. Kati ya mashine za nyumbani zenye kuuzwa sana, ni moja ya chache zenye kupunguza floridi kweli. Kwa familia yenye kuishi mahali ambapo floridi imepimwa na imepita kipimo, hilo si jambo dogo.

Lakini mashine hiyo ilitengenezwa kwa nyumba yenye maji ya robine siku zote, yenye presha, na yenye kuwa yamekwisha kuuliwa mikrobe huko yanakotoka. Nyumba za namna hiyo ziko Goma, lakini si nyingi.

Sharti la kwanza ni presha. Utando unaomba karibu bari 3 ili ufanye kazi vizuri. Bari 3 ni sawa na maji yenye kushuka kutoka mita 30. Tanki lenye kuwekwa juu ya mnara wa mita 3 linatoa bari 0.3 tu, yaani sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo nyumba yenye tanki inafaa inunue na pompi ndogo ya umeme. Umeme ukikatika, mashine inasimama. Mwenye kuuza asipouliza juu ya presha wala umeme, hajui anachouza, ama anajua na ananyamaza.

Sharti la pili ni maji ya kutupa. Osmozi haisafishi maji yote yenye kuingia. Sehemu inapita, ingine inatoka pembeni na chumvi zote. Mashine nyingi za kawaida zinatupa litre 3 ama 4 kwa kila litre moja ya kunywa. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, linasema mashine ya kawaida inaweza kutupa litre 5 ama zaidi kwa moja. Zile mpya zenye kutengenezwa vizuri zinatupa litre moja ama mbili.

Hesabu ifanywe kwa bidoni. Familia ya watu sita, kila mtu litre 2 kwa siku, inahitaji litre 12 za kunywa. Kama mashine inatupa 3 kwa moja, inafaa iingie litre 48: bidoni mbili na karibu nusu. Kama inatupa 5 kwa moja, inafaa litre 72: zaidi ya bidoni tatu na nusu. Mwenye robine yenye mita halipi sana juu ya hiyo. Mama mwenye kununua kila bidoni kwa mtu wa tshukudu, kule Ndosho ama Buhene, analipa mara nne ama sita kwa kila kikombe. Maji yenye kutupwa yanaweza kusafisha choo, kupiga deki, kufua nguo za kazi. Lakini hayafai kunywewa, na yasirudishwe ndani ya tanki.

Sharti la tatu ni mikrobe, na hapo wengi wanashangaa. Utando unaweza kuzuia mikrobe, lakini mashine nyingi za nyumbani zinakuja na onyo la kusema zisitumiwe kwa maji yenye mikrobe, ama yasiyojulikana, bila kuyaua mikrobe kabla ama baada ya mashine. Sababu ni rahisi: kiungo kidogo kikilegea ama utando ukipasuka kidogo, maji machafu yanapita, na hakuna taa yenye kuwaka kumwambia mtu. Maji ya ziwa yenye kuchotwa pembeni ya Kituku ni yale yale ambayo onyo hilo linasema.

Basi inafaa kuweka klore kwanza. Lakini klore yenyewe inaharibu utando. Njo maana mbele ya utando kuna chujio la makala maalumu lenye kushika klore. Chujio hilo linachoka. Machujio ya mbele yanabadilishwa kila miezi 6 mpaka 12, na mapema zaidi kama maji yana udongo. Utando wenyewe unadumu kwa kawaida miaka 2 ama 3, na katika maji magumu unaziba haraka. Njo sababu wauzaji wengine wanapendekeza kununua mashine mbili pamoja, ya kulainisha na ya osmozi. Kwa upande wa ufundi si uongo. Lakini mfuko wa familia unalipa mara mbili.

Sharti la nne ni bidoni yenyewe. Maji yenye kutoka kwenye osmozi hayana tena klore. Yakiwekwa ndani ya bidoni chafu, ama kikombe chenye kushikwa na mikono yote kikiingia ndani yake, mikrobe zinarudi siku hiyo hiyo na hakuna kitu cha kuzizuia. Chombo chenye kifuniko na robine ndogo chini ni sehemu ya mashine, hata kama hakiko ndani ya kartoni.

Kipimo kidogo na vijiti vyenye kutisha

Kuna maonyesho mawili yenye kujulikana katika nchi nyingi ambako mashine hizi zinauzwa. Mwenye kuyaona hapa Kivu asitishike haraka.

La kwanza ni kalamu ndogo yenye namba. Muuzaji anaitia ndani ya maji ya ziwa, namba inapanda kwenye mamia. Anaitia ndani ya maji ya osmozi, inashuka kwenye 10 ama 20. Kalamu hiyo haisemi uongo, lakini haisemi kile watu wanachofikiri. Inahesabu chumvi zenye kuyeyuka, za faida na za hasara pamoja. Maji ya Ziwa Kivu yana chumvi nyingi kwa asili, kwa hiyo namba itapanda siku zote, hata kama maji hayo yamepikwa vizuri na hayana mikrobe hata moja. Na maji ya mvua yenye kuanguka juu ya bati lenye mavi ya ndege yanaweza kuonyesha namba ndogo sana. Kalamu haioni kolera. Hata floridi haiwezi kuitofautisha na chumvi zingine.

La pili ni vijiti viwili vya chuma vyenye kuunganishwa na umeme. Vikiingia katika maji ya robine, baada ya dakika chache maji yanageuka rangi ya kahawia ama ya majani, na povu chafu linapanda. Katika maji ya osmozi hakuna kitu. Watu wanapiga kelele: kumbe njo tunakunywa hiyo? Hapana. Uchafu huo unatoka kwenye vijiti vyenyewe. Umeme unapita ndani ya maji yenye chumvi na unakula chuma, na ni kutu yenye kuonekana. Maji ya osmozi hayana chumvi ya kutosha, umeme haupiti, kijiti hakiliwi. Mtu akitaka kuhakikisha, aombe kutia chumvi kidogo ya jikoni ndani ya yale maji "safi" na kurudilia. Yatachafuka vilevile.

Muuzaji mwaminifu haitaji vijiti. Ataonyesha karatasi. Kwa osmozi, alama ya kimataifa yenye kutafutwa ni NSF/ANSI 58. Kwa mashine ya kulainisha ni NSF/ANSI 44. Namba hizo zinasema mashine ilipimwa. Mnunuzi asome pia ilipimwa kwa kuondoa nini, juu mashine moja inaweza kuwa na alama kwa chumvi bila kuwa imepimwa kwa floridi.

Kolera haingoji utando

Wakati familia inaweka akiba ya kununua mashine, mikrobe hazingoji. Kwa kuziua, njia zenye kujulikana zingali ndizo zile za bei ndogo: klore, kupika, na chujio la udongo.

Juu ya klore kuna jambo moja ambalo halisemwi sana kwenye pwani za Goma. Klore inafanya kazi vizuri katika maji ambayo pH yake haifiki 8. Maji ya juu ya Ziwa Kivu yako na pH ya karibu 9. Katika maji ya namna hiyo klore inaua, lakini polepole. Zile dakika 30 zenye kuandikwa kwenye vibango ni kiwango cha chini. Mwenye kuchotea ziwani afanye vizuri kuacha bidoni muda mrefu zaidi kabla ya kunywa. Na kama maji yana tope, kwanza ayaache yatulie, ayapitishe kwenye kitambaa safi, ndipo aweke klore, juu udongo unakula klore bure. Anayeona harufu kidogo ya klore asikasirike: ni alama kwamba imebaki yenye kulinda maji ndani ya bidoni. Ulinzi huo njo ule osmozi haina.

Kupika kunaua mikrobe zote za kuhara. Maji yakitokota kwa nguvu dakika moja, yanatosha. Bei yake ni makala, na kila familia inajua gunia liko kwa ngapi.

Chujio la udongo, lile la bougie, linashika mikrobe nyingi bila umeme wala presha, na linatoa litre moja mpaka tatu kwa saa. Virusi vidogo vinaweza kupita, na floridi inapita yote. Lakini likioshwa vizuri na lisipopasuka, linasaidia nyumba yenye watoto kuliko mashine ya kulainisha yenye bei mara kumi.

Kwa floridi peke yake kuna njia ingine yenye kujulikana kwa majirani wenye kuishi kwenye bonde lile lile la ufa. Upande wa Arusha, Tanzania, kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimefanya kazi miaka mingi juu ya machujio ya makala ya mifupa ya ng'ombe yenye kushika floridi. Kule Nakuru, Kenya, machujio ya namna hiyo yametengenezwa pia. Hayaombi presha wala hayatupi maji. Yanaomba mifupa yenye kuchomwa vizuri na mtu wa kupima ni lini yamechoka.

Kwa nani mashine inafaa

Haina maana kusema osmozi ni ya bure. Inafaa kwa nyumba yenye robine ya kweli na umeme wa kutegemeka, pale floridi ilipopimwa ikapatikana juu ya 1.5. Inafaa kwa kituo cha afya, kwa shule, kwa kikundi cha familia kumi ama ishirini zenye kuchanga pesa, juu mashine moja kubwa yenye kutunzwa na mtu mmoja mwenye kulipwa ni afadhali kuliko mashine ndogo ishirini zenye kusahauliwa. Na kwa kunywa na kupikia tu; hakuna sababu ya kuoga na maji ya osmozi.

Mwenye kutaka kununua anaweza kuuliza muuzaji maulizo haya kabla ya kutoa hata dola moja. Maji yangu yalipimwa wapi, na floridi ni ngapi? Mashine inaomba bari ngapi? Inatupa litre ngapi kwa litre moja? Utando na machujio ya kubadilisha yako hapa mjini, ama inafaa kungojea yatoke mbali? Bei ya kubadilisha kwa mwaka ni ngapi? Nani anarudi kama imeharibika, na fakture iko? Kama jibu la maulizo mawili ama matatu ni kimya, pesa zibaki mfukoni.

Kwa kupima, kipimo cha floridi ni kazi ya labo, siyo ya kalamu. Bei ya kupima mara moja, ikigawanywa kati ya nyumba zenye kuchota mahali pamoja, ni ndogo kuliko bei ya kununua mashine isiyohitajika.

Mashine haichukui nafasi ya bomba

Inabaki ulizo ambalo hakuna kartoni lenye kulijibu: kwa nini kila nyumba inafaa ijenge kiwanda chake cha maji?

Tarehe 22 mwezi wa tano mwaka 2021, Nyiragongo ilipolipuka, lava iliharibu mabomba na tanki kubwa, na karibu watu nusu milioni wakakosa maji. Mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, mapigano yalipofika Goma, umeme ulikatika, pompi zikasimama, na watu wakarudi ziwani na bidoni. Siku hizo, mashine ya osmozi ya dola mia tano ilikuwa kabati tu. Klore ya bei ndogo ilikuwa dawa.

Uvira inatoa somo lililo wazi zaidi. Watafiti walifuata hesabu ya wagonjwa wa kolera na hesabu ya maji ya robine ya mji huo, wakachapisha matokeo mwaka 2015. Waliona kwamba katika siku 12 zenye kufuata siku bila maji ya robine, wagonjwa wenye kushukiwa kolera waliongezeka kwa 155 kwa mia, ukilinganisha na siku yenye maji ya kutosha. Karibu robo moja ya wagonjwa wote ilihusiana na kukatika kwa maji. Yaani hospitali zinajaa pale pompi zinaposimama, kuliko kwa kukosa mashine jikoni.

Katiba ya Kongo, katika kifungu cha 48, inasema haki ya kupata maji ya kunywa inahakikishwa. Sheria ya maji namba 15/026 ya tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 2015 ilifungua mlango kwa wengine kando ya Regideso, na ikazipa provensi na mamlaka za chini sehemu ya kazi hiyo. Karatasi ziko. Kinachokosekana ni umeme wa pompi, mabomba yenye kufika kwenye mitaa ya juu, klore ya kutosha, na matokeo ya vipimo vya floridi yenye kubandikwa mahali watu wanachota, ili mama ajue anampa mtoto nini.

Kila familia yenye uwezo ikinunua mashine yake na kunyamaza, wenye sauti ya kusikika wataacha kudai maji ya wote. Wenye kubaki na bidoni watadai peke yao. Na mikrobe ya kolera haibaki kwa maskini: inapita sokoni, shuleni, kwenye mkono wa mtu anayeuza maandazi, mpaka inafika ndani ya nyumba yenye osmozi. Kwa hiyo anayenunua mashine leo angali na sababu ya kusimama kwenye mkutano wa mtaa kesho na kuuliza juu ya pompi, tanki na bomba.